Percivall Pott

Percivall Pott (London, 6 Januari 1714 – London, 22 Desemba 1788) alikuwa daktari mpasuaji wa Uingereza aliyefanya kazi karibu maisha yake yote katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London. Anakumbukwa hasa kwa maelezo yake ya mwaka 1775 kuhusu saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha dohani. Hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa saratani ya kwanza kuhusishwa waziwazi na kazi anayoifanya mgonjwa. Jina lake limebaki pia katika ugonjwa wa Pott (kifua kikuu cha uti wa mgongo), mvunjiko wa Pott (karibu na kifundo cha mguu) na uvimbe wa Pott (kichwani).

Katika historia ya saratani za sehemu za siri za wanaume, Pott ana nafasi nyingine ambayo hutajwa mara chache. Alieleza jinsi ugonjwa unavyoanza kwenye ngozi, ukapanda hadi tezi za kinena, na jinsi wagonjwa waliofika hapo walivyokufa hata kama kidonda chenyewe kilikuwa kimekatwa na kupona. Swali lililofuata, yaani namna ya kujua mapema kama tezi hizo zimeshaingiliwa, lilianza kupata jibu karibu miaka 200 baadaye.

Maisha ya awali

Pott alizaliwa katika mtaa wa Threadneedle, mahali ambapo baadaye palijengwa Benki ya Uingereza. Baba yake, aliyeitwa pia Percivall, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria. Alikufa mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, akaiacha familia na mali kidogo. Mama yake, Elizabeth, alikuwa amekwisha kufiwa na mume mmoja kabla ya huyo. Aliyewasaidia ni Joseph Wilcocks, ndugu wa mbali wa mama, aliyekuwa askofu wa Kanisa la Uingereza. Kwa msaada wake mtoto alisomeshwa huko Kent, na ilidhaniwa kwamba angeingia katika utumishi wa kanisa. Yeye alichagua upasuaji.

Mwaka 1729, akiwa na miaka 15, aliwekwa kuwa mwanagenzi wa Edward Nourse, mpasuaji msaidizi wa St Bartholomew's, kwa ada ya pauni 210, fedha nyingi kwa wakati ule. Nourse alifundisha anatomia nyumbani kwake, na kazi ya kijana ilikuwa kupasua maiti na kuandaa viungo vya kuonyeshwa wanafunzi. Ujuzi wa mwili alioupata hivyo, kwa mikono yake, ndio uliomtofautisha baadaye na wenzake wengi.

Alipata cheti cha upasuaji mwaka 1736 kutoka chama cha vinyozi na wapasuaji. Wakati huo fani hizo mbili za London zilikuwa bado katika chama kimoja, jambo ambalo halitamshangaza sana msomaji anayejua kwamba hata kwetu kunyoa, kupiga chuku na kutahiri mara nyingi vilikuwa mikononi mwa mtu yule yule. Mwaka 1745 wapasuaji walijitenga na vinyozi na kuunda chama chao. Mwaka 1753 Pott alichaguliwa pamoja na William Hunter kuwa walimu wa kwanza wa anatomia wa chama hicho, na mwaka 1765 akawa mkuu wake.

Mwaka 1746 alimwoa Sarah Cruttenden. Walijaliwa wana watano na mabinti wanne. Binti mmoja aliolewa na James Earle, mwanafunzi wa Pott, ambaye baadaye alikusanya maandishi ya mkwewe na kuandika maisha yake. Mengi yanayojulikana kuhusu tabia ya Pott yametoka kwa Earle, kwa hiyo yasomwe kwa kukumbuka kwamba ni maneno ya mkwe.

Hospitalini

Pott alikuwa mpasuaji msaidizi wa St Bartholomew's katika miaka ya 1740, na mwaka 1749 akawa mpasuaji kamili. Aliishika nafasi hiyo hadi 1787. Ikihesabiwa tangu uanagenzi wake, uhusiano wake na hospitali hiyo ulidumu miaka 58.

Upasuaji wa zama hizo ulifanywa bila nusukaputi, kwa kuwa etha haikutumiwa hadharani hadi 1846. Vijidudu navyo havikujulikana. Mpasuaji aliyesifiwa alikuwa yule aliyekata haraka, na vidonda vingi vilichomwa kwa chuma cha moto au kwa dawa za kuunguza nyama. Pott alipinga ukali huo. Alifundisha kwamba mwili una uwezo wa kujiponya ukipewa nafasi, na kwamba kisu kitumike pale tu kinapohitajika, lakini kitumike mapema. Mwanzoni wakubwa wake walimwona kijana mwenye makuu. Kadiri miaka ilivyopita, chuma cha moto kilizidi kuachwa katika hospitali hiyo.

Wanafunzi walimiminika kumsikiliza. Mmoja wao, mwaka 1751, alikuwa John Hunter, ambaye baadaye alimpita mwalimu wake kwa umaarufu wa kisayansi. Pott alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1764.

Mguu uliovunjika

Mwaka 1756 Pott alianguka kutoka juu ya farasi katika barabara ya Kent, kusini ya mto Thames, akavunjika mguu vibaya hadi mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Kuvunjika kwa namna hiyo kulimaanisha ama kukatwa mguu au kufa kwa sumu ya kidonda. Pott alijua pia kwamba kubebwa ovyo kungeharibu zaidi. Alikaa palepale chini, katika baridi, akakataa kuinuliwa hadi walipokuja wachukuzi wawili wa machela na miti yao. Akanunua mlango, akaamuru miti ipigiliwe misumari juu yake, akalazwa humo na kubebwa polepole kupita daraja la London hadi nyumbani kwake karibu na kanisa la St Paul's.

Wapasuaji walioitwa walikubaliana kwamba mguu ukatwe. Vyombo vilikuwa tayari alipoingia Nourse, mwalimu wake wa zamani, aliyeona kwamba upo uwezekano wa kuuokoa. Pott alikubali kujaribu, na mguu ukapona. Wakati wa kulala kitandani aliandika kitabu chake cha kwanza kikubwa, kilichohusu ngiri, kikatoka mwaka huohuo wa 1756. Alikuwa na umri wa miaka 42 na kabla ya hapo alikuwa ameandika kidogo sana.

Watu wengi hudhani kwamba mvunjiko wa Pott ni ule uliompata mwenyewe. Sivyo. Huo ni mvunjiko wa mfupa mwembamba wa mguu juu kidogo ya kifundo, alioueleza katika kitabu cha mwaka 1768. Humo alifundisha kwamba mguu uliovunjika unyooshwe ukiwa umekunjwa kidogo, ili misuli ilegee, badala ya kuvutwa kwa nguvu.

Maandishi

Baada ya kitabu cha ngiri yalifuata mengine kwa mfululizo: majeraha ya kichwa (1760), busha (1762), fistula ya njia ya haja kubwa (1765), mifupa iliyovunjika (1768), na mkusanyo wa mwaka 1775 unaogusa mtoto wa jicho, vinyama vya puani, saratani ya mfuko wa korodani, ngiri na kuoza kwa vidole vya miguu. Kuhusu ngiri ya kuzaliwa nayo aligombana na William Hunter, aliyedai kwamba Pott alichukua ugunduzi wa Hunter na ndugu yake bila kuwataja. Ugomvi huo haukumalizika kwa namna ya kumridhisha yeyote.

Kitabu cha busha kinastahili neno moja kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Busha la pwani yetu mara nyingi linatokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Busha aliloliona Pott London halikuwa na asili hiyo. Lakini shida ya mpasuaji ilikuwa ileile: kutenganisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama ndani ya korodani. Kukosea kulikuwa na gharama, kwani wa kwanza hutobolewa na wa pili huenda ukalazimu korodani kuondolewa. Mwaka 1783 Samuel Johnson, mwandishi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza, alimwendea Pott kwa uvimbe wa namna hiyo akiogopa kukatwa. Upasuaji ulifikiriwa, lakini uvimbe ulijifungua wenyewe na mzee akapata nafuu.

Mwaka 1779 Pott aliandika kuhusu kupooza kwa miguu kunakoandamana na kibiongo. Aliona kwamba wagonjwa hao hawakupooza kwa sababu ya ubongo wala kwa kuanguka, bali mifupa ya uti wa mgongo ilikuwa imeoza na kuporomoka. Tiba aliyoipendekeza, ya kufungua vidonda vya kutoa usaha pande mbili za mgongo, imeachwa. Maelezo yake yamebaki. Kijidudu cha kifua kikuu, kinachosababisha ugonjwa huo, kilitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, na hospitali za Tanzania na Kenya bado hupokea wagonjwa wenye mgongo wa namna hiyo.

Saratani ya masizi

Sehemu inayohusu wasafisha dohani ni kurasa chache tu katika kitabu cha 1775. Ili kuielewa ni lazima kujua kazi yenyewe.

Dohani ni njia ya kutolea moshi ndani ya ukuta wa nyumba. London iliyojengwa upya baada ya moto mkubwa wa 1666 ilipata nyumba nyingi za ghorofa zenye dohani nyembamba na zenye kona, na watu waliota moto wa makaa ya mawe. Masizi yakijaa huziba njia na huweza kushika moto. Dohani ya kawaida ilikuwa na upana wa sentimita 23 kwa 36 hivi, na nyingine zilikuwa nyembamba zaidi. Mtu mzima hawezi kupita hapo. Kwa hiyo mabwana wa kazi hiyo walichukua watoto, wengi wao yatima au wana wa maskini waliouzwa kwa jina la uanagenzi, wengine wakiwa na umri wa miaka minne au mitano. Mtoto alipanda kwa viwiko na magoti, mara nyingi akiwa uchi ili nguo zisimkwamishe. Viwiko na magoti yalisuguliwa kwa maji ya chumvi ili ngozi iwe ngumu. Usiku walilala juu ya magunia ya masizi, na wengi hawakuoga kwa wiki nyingi.

Pott aliandika kuhusu watoto hawa kwa huruma ambayo si ya kawaida katika vitabu vya upasuaji vya karne ile. Alieleza kwamba tangu utotoni wanatendewa kikatili, wanashinda na njaa na baridi, wanasukumwa ndani ya dohani nyembamba na wakati mwingine zenye moto, wanachubuka, wanaungua na karibu kukosa pumzi. Kisha wakibalehe wanakabiliwa na ugonjwa wa maumivu makali unaoua.

Ugonjwa huo ulianza sehemu ya chini ya mfuko wa korodani kama kidonda kidogo chenye kingo ngumu zilizoinuka. Wenyewe wasafishaji waliuita chunjua ya masizi. Madaktari wengi waliona mahali kilipo kidonda wakahukumu kwamba ni kaswende au ugonjwa mwingine wa zinaa, wakampa mgonjwa zebaki. Zebaki haikusaidia chochote. Ilipoteza muda tu, na kidonda kikachimba.

Pott alisema kwamba chanzo ni masizi yanayojikusanya katika mikunjo ya ngozi ya mfuko huo. Kauli hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyosikika leo. Madaktari wa siku zake bado walikuwa na mazoea ya kueleza saratani kwa uharibifu wa majimaji ya mwili mzima, hasa nyongo nyeusi. Ikiwa ni hivyo, kukata uvimbe ni bure, maana mwili wote umekwisha kuharibika. Pott alijibu kwa kuangalia wagonjwa wake: walikuwa vijana, wenye afya nzuri kwa mengine yote, wote wa kazi moja, na kidonda kwa wote kilianza mahali pamoja. Kwa hiyo ugonjwa huu, angalau mwanzoni, ni wa mahali pamoja, na unaweza kuondolewa kwa kukata sehemu hiyo mara moja.

Inafaa kutaja kwamba John Hill wa London alikuwa ameandika mwaka 1761 kuhusu uvimbe wa pua kwa wavuta ugoro. Baadhi ya wanahistoria humpa Hill nafasi ya kwanza katika kuhusisha saratani na kitu cha nje. Hata hivyo ugoro ni starehe ya mtu mwenyewe, na mtoto wa dohani hakuichagua kazi yake.

Tezi za kinena

Sehemu ya uchungu zaidi katika maelezo ya Pott inahusu wale waliochelewa. Aliona kwamba kidonda kikipenya ngozi huishika korodani, na kutoka hapo ugonjwa hupanda kwa kufuata kamba ya manii hadi tumboni, huku tezi za kinena zikiwa ngumu na kuharibika. Katika hatua hiyo hata kuondoa korodani hakukufaa. Alisimulia kuhusu wagonjwa ambao jeraha la upasuaji lilifunga vizuri, wakatoka hospitalini wakionekana wazima. Baada ya miezi michache walirudi: wengine na ugonjwa uleule katika korodani ya pili, wengine katika tezi za kinena, wengine wamepauka, wameishiwa nguvu na wana maumivu ya ndani. Hao wote walikufa.

Leo njia hizo zinaeleweka vizuri zaidi. Maji ya limfu kutoka ngozi ya mfuko wa korodani na uume huelekea kwenye tezi za kinena, zile zinazovimba na kuitwa mtoki. Limfu ya korodani yenyewe haipiti kinenani. Hupanda moja kwa moja hadi tezi zilizo ndani ya tumbo, karibu na figo. Pott hakuwa na hadubini ya kuona chembe za saratani, wala hakujua kazi ya tezi. Alichokuwa nacho ni wagonjwa waliorudi, na kutoka kwao aliziona njia zote mbili.

Mtoki humdanganya daktari kwa pande mbili. Tezi iliyovimba huenda ikawa imevimba kwa sababu ya usaha wa kidonda tu, bila saratani. Na tezi isiyoshikika kwa vidole huenda ikawa tayari imebeba chembe za ugonjwa. Katika saratani ya uume, ambayo ni ndugu wa karibu wa ile ya masizi, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano mwenye kinena kinachoonekana kuwa salama huwa na saratani iliyojificha humo. Madaktari wa karne ya 20 walilazimika kuchagua: ama kusubiri na kuhatarisha maisha ya huyo mmoja, ama kuwakata tezi zote watano, na kuwaachia wengi wao vidonda visivyofunga na miguu iliyovimba maisha yote.

Mwaka 1977 Ramón Cabañas, daktari mwenye asili ya Paraguay, alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 100 kwa kutumia picha za eksirei za mishipa ya limfu ya uume. Alipendekeza kwamba limfu hufikia kwanza tezi moja maalumu kinenani, kama mgeni anavyopita kwanza kwa mlinzi wa lango. Tezi mlinzi hiyo itolewe peke yake na kupimwa. Ikiwa safi, nyingine ziachwe. Wazo lilikuwa zuri lakini yeye aliitafuta tezi mahali palepale kwa kila mtu, na baadhi ya wagonjwa walioambiwa kwamba wako salama walirudi na saratani, kama wale wa Pott. Miaka ya 1990 ilionekana kwamba mahali pa tezi hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Madaktari wa saratani ya ngozi nchini Marekani walianza kuitafuta kwa rangi ya buluu, na kuanzia 1994 wapasuaji wa taasisi ya saratani ya Amsterdam, nchini Uholanzi, wakatumia njia hiyo kwa saratani ya uume: dawa yenye mnururisho hafifu hudungwa karibu na uvimbe, ikafuatwa kwa kipimo hadi tezi ya kwanza inayoipokea. Njia hiyo imejaribiwa pia kwa saratani ya kibofu na ya tezi dume, ingawa huko limfu ina njia nyingi na jibu si rahisi hivyo.

Njia hii inahitaji dawa za mnururisho, vifaa na mikono iliyozoea, na hospitali nyingi hazina hivyo. Nchini Uganda, ambako katikati ya karne ya 20 saratani ya uume ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoonekana sana kwa wanaume, wengi walifika hospitali tezi zikiwa zimekwisha kuvimba.

Miaka ya mwisho

Pott alihamia Lincoln's Inn Fields mwaka 1769 na karibu na Hanover Square mwaka 1777, ishara ya kupanda kwa kipato chake. Joshua Reynolds alimchora mwaka 1784. Mwaka 1786 chuo cha wapasuaji cha Edinburgh kilimpa uanachama wa heshima. Alijiuzulu hospitalini mwaka 1787 lakini hakuacha wagonjwa wake wa binafsi. Desemba 1788 alisafiri maili 20 hivi kutoka London katika baridi kali kwenda kumwona mgonjwa, akashikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 22. Alizikwa katika kanisa la St Mary Aldermary, karibu na mama yake.

Baada ya Pott

Mwaka huohuo wa 1788 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza kuhusu wasafisha dohani. Haikuwa kazi ya Pott. Aliyeipigania kwa miaka mingi ni mfanyabiashara Jonas Hanway, ambaye alikufa 1786 bila kuiona. Sheria ilikataza kuchukua mwanagenzi chini ya miaka minane, na ikamtaka bwana amwogeshe mtoto walau mara moja kwa wiki. Hapakuwa na mtu wa kuisimamia. Sheria nyingine zilifuata mwaka 1834, 1840 na 1864, zote zikavunjwa waziwazi, hadi ile ya 1875 iliyowataka wasafishaji wawe na leseni chini ya uangalizi wa polisi. Kati ya kitabu cha Pott na sheria iliyofanya kazi ilipita miaka mia kamili.

Mwaka 1892 Henry Butlin, naye mpasuaji wa St Bartholomew's, alitoa mihadhara kuhusu sababu ya ugonjwa huu kuwapata Waingereza zaidi kuliko wenzao wa Ujerumani na nchi jirani. Aliona kwamba wasafishaji wa huko walivaa nguo za kubana mwili na kuoga kila siku baada ya kazi. Ilieleweka pia kwamba miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, hupita kati ya kuanza kugusana na masizi na kutokea kwa saratani.

Mwaka 1915 Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa wa Japani walipaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura mara kwa mara kwa miezi mingi, na saratani ikatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wanakemia wa London walichuja tani mbili za lami hadi wakapata benzopirini, kemikali ambayo imo pia katika masizi na katika moshi wa sigara. Wakati huo watoto walikuwa hawapandi tena dohani, lakini saratani ileile ya mfuko wa korodani ilikuwa imehamia kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, ambao nguo zao zilikuwa zikilowa mafuta ya mashine kila siku sehemu hiyohiyo ya mwili.